Nilimwita Fundi Mwizi wa Sauti ya Marehemu Mume Wangu

Mwezi uliopita nilimtangaza mtu kuwa mwizi. Nilisema ameiba sauti ya marehemu mume wangu.

Kina mama wenzangu, someni hadi mwisho. Shule niliishia ya msingi, lakini haya nayaandika mwenyewe.

Mume wangu aliimba kwenye bendi. Imebaki santuri moja tu. Kitinda mimba wangu alizaliwa baba yake keshazikwa, hajawahi kumsikia. Nikawa silali: ikivunjika je?

Nikaipeleka, pamoja na mashine ya kuipigia, kwa fundi redio tunayemwita Miwani. Akairekodi kwenye flashi.

Nyumbani nikachomeka flashi kwenye redio, nikavaa hedifoni.

Weee! Kulia gitaa linapasua sikio. Kushoto mume wangu kwa mbali, kama mtu kafungiwa kabatini.

Sikuuliza. Nikaandika kwenye grupu la mtaa: "Miwani kaniibia sauti ya marehemu mume wangu: kaninyofolea sindano ya mashine ya santuri, kaniwekea feki. Mwizi huyo, jihadharini."

Kesho yake nikabeba mashine na santuri, nikamfuata na binti yangu mkubwa. Tukakuta watu wawili wanabeba redio zao, hazijatengenezwa. Hata kwaheri hawakumpa.

"Mama, sindano ni ile ile," akasema Miwani taratibu. "Ngoja nibadilishe waya, wa kushoto uende kulia. Kama sindano ni mbovu, unyonge wa sauti utahamia kulia."

Akabadilisha, akaipiga santuri. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza.

Mume wangu huyo, kulia, kama yupo dukani!

"Umeona? Ulikuwa umemficha!" nikafoka.

"Na gitaa je?" akauliza Miwani.

Gitaa sasa lilikuwa kushoto. Linanong'ona.

Miwani akakunja uso. "Unyonge haujahama. Sindano nzima. Hebu geuza hedifoni, ya kulia ivae kushoto."

Nikageuza. Mume wangu akafifia tena, kushoto kule kule. Gitaa likapiga kelele.

Binti yangu akanivua hedifoni, akavaa yeye. Akazigeuza huku na huku.

"Mama, mbona pande zote sawa?"

Akanitazama sikio la kushoto.

"Mama... ni sikio lako."

Jamani, nilitamani sakafu inimeze. Mtu nimemchafua jina, kumbe kiziwi wa upande mmoja ni mimi! Baadaye daktari alithibitisha: sikio la kushoto liliisha zamani, polepole, bila mimi kujua.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia Miwani. "Nakwenda kuandika kwenye grupu sasa hivi."

"Andika, mama. Ila waliobeba redio zao wameshasoma la kwanza. La pili sijui."

Hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu.

Akainama kwenye kompyuta yake, akarekodi upya, kisha akanipa flashi.

"Hapa nimechanganya, pande zote zinaimba sawa. Utamsikia hata kwa sikio moja."

Nilishindwa kumtazama usoni.

Niliandika kuomba radhi. Tangazo la wizi lilijibiwa na watu arobaini. La radhi, wanne, na mmoja wao ni binti yangu.

Mama mwenzangu, kabla hujaandika jina la mtu, mpe mwingine asikilize kwanza.