Kiingereza Chenye "Wewe" Mbili

Mume wangu alikuwa dereva, na katikati ya miaka ya tisini aliamua kufanya mtihani wa kidato cha nne akijisomea nyumbani. Tuliishi mtaa wa Tena, Nairobi. Kitabu kilichomtoa jasho kilikuwa mchezo wa Kiingereza cha kale, wa mfalme na mkewe. Alikuwa akisoma ukurasa mmoja, anasonya, anakifunga.

Mimi niliachia shule kidato cha pili, lakini Kiingereza hicho nilikizoea. Baba yangu, karani wa reli, alitusomea Biblia ya Kiingereza cha zamani kila Jumapili, na asiyeelewa hakuonja chai. Basi mchana, watoto wakiwa shule, niliusoma ule mchezo na kuuandika upya kwenye daftari, kwa Kiswahili chetu cha kawaida.

Siku moja aliniuliza, "Huyu malkia amekasirika wapi hapa? Mbona sioni tusi?"

"Kiingereza cha kale kilikuwa na 'wewe' mbili," nikamwambia. "Moja ya mtu wa karibu, nyingine ya heshima. Hapa juu anamwita mumewe kwa ile ya karibu. Hapa chini amebadilisha. Ni kama kwetu magharibi, mkwe huitwa 'ninyi' hata akiwa mmoja. Mke akianza kumwita mumewe hivyo, ujue ndani kumepoa."

"Mama watoto, wewe ni mwalimu!"

Alifaulu, akapata nafasi chuo cha ualimu. Tukawaalika ndugu zake, tukanunua mbuzi soko la Kiamaiko. Nilikuwa nikigawa nyama kaka yake alipomuuliza alikiwezaje kile Kiingereza kigumu. Mume wangu akaeleza zile "wewe" mbili, mkwe, ndani kupoa, neno kwa neno. Wakapiga makofi.

"Shemeji alikusaidia?" kaka yake akauliza.

"Huyu?" Akacheka. "Huyu aliishia form two. Alikuwa ananipikia chai."

Nami nikacheka pamoja nao. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Asubuhi yake nilimuuliza kwa nini.

"Ulitaka niseme nimefundishwa na mke wangu?" Aliuliza kwa upole kabisa, kama kwamba mimi ndiye niliyemkosea.

Daftari alikwenda nalo chuoni. Baadaye akafundisha shule moja mtaani Kayole, na wanafunzi walimsifu kwamba kwake Kiingereza cha kale kinaeleweka kama hadithi. Kitabu cha mtihani kilipobadilishwa, alileta kipya akakiweka mezani mbele yangu.

"Hebu kitazame."

Nilikuwa nachambua mchele. Nikakisukuma kando, makapi yasikiangukie, nikaendelea na mchele.