Sindano ya Saa Sita

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya uuguzi, katika hospitali ya misheni mjini Iringa, nilifika nimevaa viatu vya ualimu: vyeusi, vya kisigino, vimepigwa rangi vikang'aa. Sista Mkuu, mama wa Kizungu aliyewasimamia wauguzi wote, alivitazama viatu kabla ya kunitazama usoni.

"Umesomea nini?"

"Ualimu, Sista. Historia na jiografia. Nimefundisha miaka mitatu."

"Vizuri. Ndoo ile pale. Anzia mlangoni."

Nyinyi mnaoanza kazi leo mna digrii, na mkibadilisha fani mnaita kujiendeleza. Miaka ile ya hamsini, msichana wa Kihehe mwenye cheti cha ualimu alipishwa njiani na watu wazima. Nilipokiacha cheti kile nikashike ndoo, hata mama yangu mzazi aliuliza kama nimerogwa. Lakini walikuja shuleni kwetu watu wa chanjo ya ndui, wakanitaka niwatafsirie wazazi, na kwa siku tatu nilimwona muuguzi mmoja akishika mikono ya watu mpaka hofu ikawatoka. Niliporudi darasani kufundisha mito ya Ulaya, akili ilikataa kurudi. Nikaomba nafasi.

Mume wangu, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekuwa karani wa idara ya barabara pale Iringa, alikubali. Aliyekataa ni baba yake. Alimtuma mama mkwe aje kutuambia: "Nilimwoza mwanangu mwalimu. Sasa nasikia anaosha watu uchi." Mimi mwenyewe asingeweza kuniambia. Kwao, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Akipita, unaacha njia, unajifunika nguo na kugeukia migombani. Jina lake hulitaji, na chumba alichomo huingii. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha hayo yote, kwa upole na bila kuchoka, na niliyashika kwa sababu nilimpenda. Katika miaka yote ya ndoa nilikuwa nimemwona mzee yule mgongo tu.

Mafunzo yalikuwa magumu. Tulijifunza kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani bila kumwinua, kusoma kipimajoto na kuchora homa kwenye chati, kupeleka bedipani bila kukunja uso. Sindano hazikuwa za kutupa kama zenu. Zilikuwa za kioo, tukizichemsha na kuzinoa ncha kwenye jiwe. Penisilini ilikuja unga ndani ya kichupa, unaichanganya na maji safi, unachoma takoni kila baada ya saa nne bila kuruka hata mara moja. Sista Mkuu alirudia mpaka tukaota: "Dawa hii inafanya kazi kwa saa. Ukichelewa, ugonjwa hausubiri."

Mume wangu alipohamishiwa Mbeya nami nikapata kazi huko, katika hospitali ambayo sitaitaja. Niliwekwa wadi ya wanaume pamoja na dresa, ndivyo tulivyomwita mwanamume aliyefunga vidonda na kuchoma sindano, mtu wa Usangu mwenye mikono mizito na roho nyepesi.

Msimu wa baridi, mume wangu akiwa kambini kwenye kazi ya barabara, mama mkwe alishuka kwenye lori kutoka Tukuyu na baba mkwe amefungwa blanketi mbili. Ilikuwa nimonia. Daktari aliandika penisilini, mzee akalazwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Nilimwambia dresa, "Kaka, yule ni mkwe wangu." Akacheka kidogo, akasema, "Basi huyo wa kwangu, dada. Wewe angalia wa upande huu." Tukamzungushia pazia la wadi, lile la fremu ya chuma, na kwa siku mbili mambo yalikwenda. Homa ilianza kushuka. Chati yake niliichora mimi, kwa namba alizoniletea dresa.

Siku ya tatu asubuhi, baada ya sindano ya saa mbili, lori la abiria lilipinduka upande wa Mbalizi. Daktari, Sista wa wadi na dresa walipakia machela wakaondoka. Tulibaki wauguzi wawili: mimi, na mwenzangu wa wadi ya wazazi.

Saa sita ilifika. Nilichanganya dawa, nikapanga trei. Kwanza nilikimbia wadi ya wazazi. Mwenzangu hakugeuka hata kunitazama. "Naona kichwa cha mtoto, dada. Siwezi kuondoka."

Nikarudi, nikasimama nje ya pazia na trei mkononi. Nilimsikia mzee akipumua, kwa kifupi na kwa taabu, kisha akinong'ona maneno ya Kinyakyusa ambayo sikuyashika. Miguu yangu ilikataa. Nataka mnielewe, si kwamba nilisahau kazi. Nilijua kila nilichofundishwa. Lakini kumfunua nguo baba wa mume wangu na kumshika mwili, yeye ambaye sijawahi hata kumtazama usoni, niliona ni kumvua utu wake mbele ya mkewe.

Pazia likafunguka kidogo, mama mkwe akatoka.

"Usiingie, mwanangu," alisema. "Anaendelea vizuri kidogo. Mngoje dresa."

Nilirudisha trei. Nakiri kwamba nilifurahi kuambiwa hivyo.

Majeruhi walifika karibu saa kumi, damu tupu, na dresa akaingia nao moja kwa moja chumba cha upasuaji. Sindano ya saa kumi nayo ikapita. Saa kumi na moja jua bado lipo, mama mkwe alilia kile kilio ambacho hakihitaji kutafsiriwa.

Kwenye daftari la ripoti niliandika: sindano ya saa sita haikutolewa, sindano ya saa kumi haikutolewa. Nikatia sahihi. Kesho yake Sista wa wadi aliniita.

"Kwa nini?"

"Ni baba mkwe wangu, Sista."

"Kwenye wadi hii hakuna wakwe. Kuna wagonjwa."

Daktari alikuwa mpole zaidi, na upole wake uliniumiza zaidi. "Mapafu yote mawili yalishaharibika," alisema. "Labda angekufa tu. Lakini hiyo labda utabaki nayo wewe." Niliondolewa wadini, nikapelekwa kuchemsha vyombo kwa miezi mitatu. Nilistahili.

Msibani kule Tukuyu, mama mkwe alinisimamisha mbele ya wake wote wa ukoo. "Huyu kasoma kuliko ninyi," aliwaambia, "na amemheshimu baba yake mpaka mwisho." Wakanipigia makofi ya chini, ya msiba. Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu nilimweleza ukweli usiku wa matanga. Akasema tusimwambie mama, na hatukumwambia.

Sikurudi kwenye ualimu, ingawa wengi walidhani nitarudi. Nilipanda cheo mpaka nikawa msimamizi wa wadi, Iringa tena, kisha Mbeya. Kila mgonjwa alipopokelewa niliwauliza wauguzi wangu, "Huyu ni mkwe wa nani hapa?" Wageni walidhani naleta mambo ya kijijini. Mimi nilitaka tujue mapema, tupange zamu, tuzungumze na wazee wakiwa bado na nguvu ya kujibu.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Tukuyu kumtunza mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yamepoteza nuru. Asubuhi moja, nikimkanda miguu, nilishindwa kuendelea kubeba siri ile. Nikamwambia yote: kwamba dawa ilikuwa tayari, kwamba niliogopa, kwamba sifa alizonipa hazikuwa zangu.

Alinigeuzia uso.

"Mwanangu," akasema, "siku ile alikuwa ananiambia nikuite. Alisema, 'Mwite mwalimu aje achome. Ukwe tutaurudia nikishapona.' Nami nikaona aibu kwa ajili yenu wote wawili. Nikatoka, nikakwambia usiingie."

Mikono yangu ilisimama juu ya mguu wake. Kumbe miaka yote ile alikuwa akinisifu ili asiisikie sauti ya mumewe.

"Angepona?" aliniuliza.

Mkwe mwema angesema hapana, hata kwa kudanganya, mama yake apumzike. Lakini nilikuwa nimekuwa muuguzi kwa muda mrefu mno.

"Sijui, mama," nilimwambia. "Sijui."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaninyooshea mguu wa pili.