Mnanaa wa Kina Nase

Sisi tuliokulia Kitengela kabla haijajaa maghorofa tulikuwa na chai za aina mbili: chai ya kwenu, na chai ya kina Nase. Hiyo ya kina Nase ilitiwa mnanaa. Mama yake aliupanda kwenye karai lililotoboka, akaliweka chini ya mfereji wa tangi la maji ya mvua, uliokuwa ukidondoka mchana kutwa. Sisi majirani tulimwagilia maji ya kisima, yale ya chumvi, na kila tulichopanda kilikauka.

Nase tulikuwa naye darasa moja. Tuliruka bladda, ile kamba ya mpira, pamoja, tukala mabuyu hadi ndimi zikawa nyekundu. Nilimpenda, msinielewe vibaya. Lakini Jumapili, akina mama wa kanisa wakija kwetu, mama yangu alisimama mlangoni akaita ng'ambo ya ua: "Nase! Kuja utupikie chai, mama!" Na mimi, binti wa kumzaa, niko pale pale na sufuria mkononi! Wageni wakionja, wanafunga macho. "Huyu mtoto ana mkono," mama anasema, kisha ananigeukia: "Njeri, wewe osha vikombe." Aki niliumia.

Jumatatu moja nikasema tumbo linauma, nisiende shule. Mama Nase alipoenda sokoni, niliruka ua, nikang'oa mnanaa wote, nikautupa nyuma ya bafu letu, kwenye mtaro wa maji machafu. Nilinawa kwa sabuni ya kipande mara tatu, harufu ikakataa kutoka. Jumapili iliyofuata chai nilipika mimi. Mama alikunywa nusu kikombe, akasema majani yamezidi.

Nani angeniambia kwamba mnanaa haufi kwa kutupwa kwenye maji? Baada ya wiki chache mama alitoka kuoga, taulo begani, akinusanusa. Akazunguka nyuma ya bafu. Kichaka kizima, kibichi! Hakupiga kelele. "Njeri," akasema, "lete jembe."

Niliurudisha mchana kweupe, watoto wa ploti nzima wakinifuata. Niliupanda kwa mikono yangu, na kiangazi chote nikaumwagilia maji matamu ya kununua kwa muuza maji mwenye punda. Nase alisimama kando akila mkate. Hakunicheka, na hiyo iliniuma kuliko kiboko. "Sidai," mama yake akanisifu kwa Kimaa. "Umepanda vizuri."

Siku hizi binti yangu ananunua mnanaa supamaketi, umefungwa kwenye plastiki. Anautumbukiza kwenye maji na limau, anapiga picha, halafu anasahau kunywa. Watoto wa sasa hata cha kuonea wivu wanakitafuta kwa simu. Sisi chetu kilikuwa hapo tu, ng'ambo ya ua, kinanukia.

Mama amezeeka, niko naye hapa kwangu. Kila Jumamosi ni wimbo mmoja: "Nipeleke Kajiado kwa Nase nikanywe chai." Nase aliolewa huko. Mimi nimepanda mnanaa kwenye mikebe ya rangi hapa verandani mara tano, miche ya kununua barabarani, yote imekufa. Nina miaka hamsini na kitu na bado namwonea Nase wivu, nasema ukweli wa Mungu. Mwezi uliopita nilijikaza, nikamwomba mche.

Akanichimbia mwenyewe. "Ni ule ule ulipanda wewe," akaniambia. "Nilihama nao nikiolewa."

Huu umeshika. Jana nilichuma majani ya kwanza, nikachemsha chai, nikamletea mama pale kitini pake. Akaonja. Akafunga macho. Nikasimama pale na sufuria.

"Nase amefika saa ngapi?" akauliza.

"Ni mimi nimepika, Mum."

"Haya. Mwambie asante."

Enzi zile ningetoka nje nikaung'oa wote. Jana nilimwongezea chai, kisha nikaenda kuosha vikombe.