Mwanamke Aliyechambua Kahawa Akiwa Likizo ya Uzazi

Jedwali langu la kwanza la mishahara lilikuwa kama kitanda kilichotandikiwa mgeni: limenyooka, halina hata kunyanzi moja, na hakuna aliyekuwa amelilalia. Nililitengeneza kwa ajili ya kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa upande wa Isingiro, ambako wanawake hukaa kwenye meza ndefu wakitenga punje mbovu na nzuri. Safu moja ilibeba jina, nyingine namba ya simu ya kupokelea malipo, nyingine siku za kazi. Mtu mmoja, mstari mmoja. Kwa elimu yangu ya chuo kikuu, sikuona namna nyingine ya kuupanga ulimwengu.

Meneja, mama wa Muleba asiyependa maneno mengi, alitaka ripoti ya mwezi. Akataka pia niiulize kanzidata, yaani hifadhi ya majedwali yangu yote, swali moja la ziada: je, kuna mfanyakazi hewa? Nikaunganisha jedwali la likizo na jedwali la mahudhurio, nikabonyeza. Likatoka jina moja. Mwanamke huyo alikuwa likizo ya uzazi mwezi mzima, na mwezi huohuo alikuwa amechambua kahawa bila kukosa hata siku moja.

"Kuna mtu anamsainia," meneja akasema. "Mwite. Leo anaondoka."

Nakiri kwamba nilitembea kwenda kumwita kwa mwendo wa mpelelezi.

Walikuja wawili, mmoja akitoka mezani, mwingine aliyekuwa amemletea chakula, na kichanga mgongoni.

"Shikamoo, bosi," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba," meneja akaitikia. "Nimemwita mmoja."

"Huyu ni wifi yangu," akasema mwenye mtoto. "Dada wa mume wangu. Ndiye aliyekuwa anakuja."

"Na kazi nafanya vizuri kuliko yeye," wifi akadakia. "Huyu tulimtoa kwao Nyakatuntu kwa mahari ya ng'ombe wawili, mmoja mgonjwa."

"Aliyekuwa mgonjwa ni kaka yako. Ng'ombe walikuwa wazima."

Meneja akageukia dirishani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wakatueleza. Tangu mwenye mtoto aolewe, mmoja akija kiwandani mwingine hubaki kulima kibanja, shamba la migomba la nyumbani, na kupika ndizi za nyumba zote mbili, kisha hubadilishana. Uzazi ulibadilisha zamu tu. Msimamizi wa meza alijua. Meza nzima ilijua. Kwao nafasi ile ilikuwa ya nyumba, kama jembe. Aliyekuwa hajui ni kanzidata yangu, pamoja na baba yake, yaani mimi.

"Mimi namlipa niliyemwajiri," meneja akasema. "Nikikaguliwa nitajibu nini? Chagueni mmoja."

Utani ukakatika.

"Abaki yeye," wifi akasema polepole. "Ana mtoto."

"Hapana, abaki yeye. Mimi nina mume, yeye hana."

Kisha wote watatu wakaniangalia.

"Mtaalamu," wifi akauliza, "hiyo mashine yako haina nafasi ya watu wawili?"

Nilifungua mdomo nieleze misingi ya usanifu wa majedwali. Meneja akauliza kama inawezekana au haiwezekani. Nikasema inawezekana.

Na kweli ilikuwa rahisi. Nilitenganisha jedwali la watu na jedwali la nafasi, katikati nikaweka la tatu linalosema nani alikaa nafasi ipi siku gani. Jambo hilo hufundishwa mwanzoni kabisa mwa somo. Nadhani siku hiyo nilikuwa kwenye foleni ya chai. Meneja akaandika mikataba miwili ya nusu kazi, kila mmoja na namba yake ya simu. Jumla ya mishahara haikubadilika hata shilingi.

Mwezi uliofuata walikuja kuangalia mistari yao. Wifi akapitisha kidole kwenye tarehe, akasimama.

"Weee! Kumbe Jumamosi zote nimekuja mimi!"

"Jumamosi nina mazoezi ya kwaya."

"Kwaya gani, na sauti hiyo? Mtaalamu, tuwekee na jedwali la kibanja, tuone nani analima."

"Usithubutu, mtaalamu," akasema mwenye mtoto, akimvuta wifi yake kanga kuelekea mlangoni.

Nikamtazama meneja. Akatikisa kichwa, akasema hilo walilipie wenyewe.