Sululu Aliyetoka Makka

Mimi niliyejenga nyumba tatu bila kumaliza darasa la pili, hakuna cha kunishangaza. Juzi lakini, pwani ya Moa, nilimwona ndege sululu topeni, mdomo umepinda kama mundu, nikacheka peke yangu.

Utotoni bibi alituambia ndege hao wakipotea wamekwenda kuhiji. Niliamini. Waliporudi, alasiri moja inayonuka matope ya mikoko, nilimwekea mmoja halua, nikamwamkia: "Shikamoo, Haji! Niombee niwe tajiri."

Dada yangu akaanguka kwa kicheko. "Zuzu we! Kaa wanaila halua yako!"

Sululu alipiga miluzi saba, akaruka. Nikajua ameniombea.

Kumbe walitoka Urusi, wakikimbia baridi. Lakini utajiri niliupata, na dua ile ilinigharimu halua ya senti thelathini.