Ampli ya Marehemu

Sisi wa Lubunga, upande wa bondeni nyuma ya reli, tulizoea kukaa bila mtandao. Kisangani yenyewe iko ng'ambo, simu za watu wa huko zinaita kutwa nzima, na sisi tunautazama mji tu kuvuka maji. Mume wangu alikuwa fundi wa redio, tena mkaidi, akayakataa mazoea hayo. Alipata kisanduku cha kukuza mtandao, akakiita ampli, akakifunga chumbani kwetu. Nje, pembeni mwa jiko, alisimamisha mwanzi mrefu kuliko kitu chochote uani, na juu yake akafunga antena yenye miiba kama mgongo wa samaki, ikiangalia mnara wa ng'ambo. Waya ulishuka kutoka huko ukapita dirishani hadi kwenye kisanduku, na mwingine ukatoka kwenye kisanduku kwenda kwenye antena ndogo ya sebuleni. Tangu siku hiyo tukawa nyumba pekee bondeni ambayo simu inaita, na majirani wakaanza kutujulia hali mara nyingi kuliko tulivyostahili.

Halafu akafa. Ghafla, asubuhi, kikombe cha chai mkononi, redio yake mezani ikipiga kelele kama kila siku. Miaka yote ya ndoa nilimwomba aipunguze sauti ile redio, na hakuipunguza hata mara moja.

Ninachotaka kusimulia ni siku ya tatu baada ya mazishi, kwa sababu siku hiyo niliamini kwamba nitazika tena.

Binti yetu wa pekee alikuwa Isangi. Aliolewa na mwalimu wa huko, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alimpoteza akiwa bado tumboni. Safari hii nesi alimwambia mkwe wangu bila kuzunguka: presha ya mke wako iko juu, asipate habari ya kumshtua, la sivyo tutapoteza wawili. Hata bila nesi, kwetu mwenye mimba haambiwi kifo mpaka ajifungue. Basi tulikubaliana, mimi na mkwe wangu na ukoo mzima, kwamba baba yake hajafa.

Kila jioni, kabla ya giza, binti yangu alinipigia simu, na aliendelea kunipigia. Nilimwambia Papa ameshikwa na mafua, koo limevimba, nesi amemkataza kusema. Papa ndivyo nilivyomwita mume wangu, sawa na binti alivyomwita. Nilikaa chini kwenye mkeka, mjane wa siku moja, nikimweleza mwanangu habari za dawa ya kikohozi. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo. Mimi niliomba iwe na urefu wa mwezi mmoja tu.

Jioni mbili uongo ulipita, redio yake ikifunika vilio vya uani. Jioni ya mazishi simu haikuita. Ya pili yake haikuita. Nilijiambia ni mnara wa ng'ambo, maana nao huwa na siku zake za kulala. Na ukweli ni kwamba nilikuwa nimelia mpaka sijui saa wala siku. Jioni ya tatu nayo ikapita kimya.

Kesho yake mchana, ambayo ndiyo siku ya tatu tangu tuzike, akaja mwanamke anayeuza samaki wa moshi, ametoka Isangi kwa boti. Alilia kwanza pamoja na wengine, kama inavyopasa. Kisha akainama karibu yangu kana kwamba ananipa pole, akanong'ona ujumbe wa mkwe wangu.

"Mama, mutoto wako halalake. Anasema mama yangu hawezi kunyamaza siku tatu bure. Anasema leo jioni kama hasikie sauti yako, kesho asubuhi anapanda boti, anakuja mwenyewe. Bwana yake anashindwa kumuzuia."

Nilipata picha nzima palepale. Binti yangu na presha yake, siku nzima juu ya maji kwenye jua, anashuka ufukweni Lubunga, na mtu wa kwanza kumwona anamkumbatia na kumpa pole. Nikauliza ni saa ngapi. Ilikuwa saa nane.

Mtu atasema, si ungempa mtu simu apande nayo stesheni ya reli ambako mtandao unapatikana? Nilifikiri. Lakini binti yangu angesikia sauti ya mtu mwingine ikimwambia mama hayupo, na baba hana sauti. Hata mtoto wa chekechea angejumlisha. Na mimi mwenyewe, mjane havuki kizingiti mpaka matanga yaondolewe. Ningekivuka, Mungu anisamehe, sikuwa na haya tena. Ila najua watu wetu. Ningetoka tu, mawifi wote wangenifuata njia nzima wakipiga mayowe, na simu ingemfikishia kila yowe.

Kwa hiyo ilibaki ampli. Nilijikokota kwa makalio kutoka kwenye mkeka hadi chumbani, wafiwa wenzangu wakadhani nimezidiwa na huzuni, wakaniacha.

Kisanduku kilikuwa kimezima kabisa, hakuna taa hata moja. Nikafuata waya wa umeme mpaka kwenye betri ya sola, na hapo nikakuta simu kumi na moja za waombolezaji zimechomekwa, zimejazana kama nguruwe wachanga kwenye matiti ya mama yao. Wahenga walisema kufa kufaana. Nilizichomoa zote, na mwenye simu ambaye angelalamika siku ile angezikwa kando ya mume wangu. Nikasubiri jua la alasiri lijaze betri kidogo. Saa ya kusubiri ile nilikaa nimeukumbatia mguu wa kitanda, nikiomba, na maombi yangu hayakuwa na adabu.

Taa ikawaka. Nyekundu.

Nyekundu nilikuwa nimefundishwa. Mume wangu alinieleza siku moja wakati nilikuwa na hasira naye na sikutaka kusikiliza: antena ya nje na ya ndani zikikaribiana, zinaanza kusikilizana zenyewe kwa zenyewe, basi ampli inajifunga. Nilikumbuka sebule. Siku ya mazishi walitoa viti, meza na kabati ili watu wapate pa kukaa, kama ilivyo desturi. Antena ndogo ilikuwa imebandikwa kwenye kabati. Kabati lilikuwa sasa barazani, hatua chache kutoka kwenye mwanzi. Nikamtuma wifi akaibandue aniletee, naye akanitazama kwa huruma kama anayemtazama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Aliileta. Niliining'iniza kwenye msumari wa chandarua, mbali na dirisha.

Taa ikawa kijani. Nikashika simu kwa mikono miwili nikaitazama. Hakuna mtandao.

Hapo nililia kilio ambacho hakikuwa cha mume wangu. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nilizungusha viungo vya waya, nikavifungua, nikavifuta kwa kitambaa changu cha kilio, nikavikaza. Kijani, na simu haina kitu. Mfa maji hatapatapi kama nilivyotapatapa mimi chumbani mle. Nikamlaumu marehemu kwa sauti. Nikamwambia, umekufa na ufundi wako wote, hukuniachia hata karatasi moja.

Kisha nikatazama dirishani kufuata waya kwa macho, maana ndiyo kitu pekee kilichobaki. Uani walikuwa wametandaza turubai kubwa la mazishi, lile la plastiki la bluu tunaloliita bâche, kuwakinga watu na jua na mvua. Lina kamba nne. Tatu walizifunga kwenye miti waliyochimbia. Ya nne, kwa kuwa mwanzi wetu ulikuwa mrefu na imara, waliifunga kwenye mwanzi wa antena. Upepo ulivuta turubai, turubai likavuta mwanzi, na mwanzi ukazunguka. Ule mgongo wa samaki haukuangalia tena ng'ambo. Ulikuwa unaangalia makaburi.

Nikamwita shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye matanga, na kila sheria ya kilio ilikuwa mkononi mwake. Ndiye aliyenikalisha chini. Ndiye aliyeichukua redio ya mume wangu siku ya mazishi, akaizima, akaiweka chumbani kwetu uso kwenye ukuta, akasema nyumba ya kilio haina redio. Mtu mzito, hacheki, na hakuwahi kuniamini hata kwa mapishi yangu. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Semeki," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita shemeji, "ile kamba ya bâche mufungue. Antena iligeuka."

"Bâche ya matanga haishukaka mbele ya siku yake," akasema. "Ikishuka, iko naita kifo ingine."

"Kifo ingine iko njiani. Kesho asubuhi itapanda boti Isangi."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza akiangalia sakafu. Nilipomaliza nikafanya jambo ambalo sikulifanya hata mbele ya jeneza: nikamshika miguu. Nikamwambia mdogo wake hana damu nyingine duniani ila iliyo katika yule mtoto na aliye tumboni mwake. Kama turubai ni kubwa kuliko hao wawili, basi aniambie wazi nikae nijue.

"Acha miguu yangu, mama," akasema. "Bon. Bâche haitashuka. Lakini mwanzi utageuka."

Alitoka akaita wanaume wanne. Wakasimama chini ya ile pembe, wakanyanyua turubai kwa mikono juu ya vichwa vyao, na yeye akafungua kamba. Halikushuka hata kidogo. Akaushika mwanzi, akaniuliza kwa ishara ni wapi. Mume wangu alikuwa amepigilia msumari kwenye mwanzi usawa wa kifua, ili akiulizwa na upepo ajue jibu. Nikamwonyesha kupitia dirisha: msumari utazame mto. Akazungusha polepole, mzee mzima, jasho likimtoka, na mimi macho kwenye simu. Mstari mmoja. Haupo. Mmoja. Miwili. Nikainua mkono, akasimama hapohapo ameukumbatia mwanzi, kwa sababu akiuachia upepo utaugeuza tena. Akamwita kijana wa ukoo aje aushike badala yake, na yeye akaja dirishani.

Waombolezaji walikuwa wanaimba. Shemeji alirudi kati yao, akainua mkono, na wimbo ukakatika. Watu wote wale, kimya. Wanne wamesimama na turubai mikononi, akina mama wameziba midomo kwa vitenge. Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya michikichi, saa ya binti yangu ya kupiga.

Simu ikaita.

"Mama?"

"Mutoto wangu."

"Mama, siku zote hizi. Mi nilizani mulikufa bote."

Nikacheka. Sijui nilikitoa wapi kile kicheko. Nikamwambia ampli iliharibika, upepo uligeuza antena, leo ndiyo imepona. Akauliza kuhusu Papa. Nikasema koo bado, anakunywa maji ya tangawizi, hataki kusikia la mtu. Akaniambia mtoto anapiga teke sana usiku. Akanieleza miguu yake imevimba. Nilianza kupumua. Kisha akauliza.

"Mama, muko wapi?"

"Tuko hapa nyumbani, wapi tena?"

"Kwa nini kunanyamaza hivi?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Papa hana sauti, bon. Na redio yake? Hii saa redio haifungwaka kwetu. Mama, redio ya papa iko wapi?"

Nilikuwa nimetengeneza betri, nimetengeneza waya, nimewanyamazisha watu wote wa kilio, na kimya chenyewe ndicho kilichokuwa kinanichoma. Nilimsikia akipumua kwa haraka kule Isangi. Nikageuka.

Shemeji alikuwa ameingia chumbani. Alikuwa amesikia, nilikuwa nimeweka simu kwa sauti ya nje ili nisipoteze hata neno. Alitembea mpaka ukutani, akaigeuza redio uso ikatutazama, akaiwasha. Mume wangu aliiacha kwenye sauti yake ileile. Muziki ulijaa nyumba nzima, ukatoka dirishani, ukawafikia watu chini ya turubai, na hakuna aliyesogea. Niliona wifi yangu amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanamtetemeka bila sauti.

"Aa," binti yangu akasema, na nikasikia ameketi. "Iko pale. Mama, sikusikii sasa. Mwambie apunguze."

Nikamtazama shemeji. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

"Papa," nikasema kwa nguvu, ili simu isikie, "punguza kidogo."

Mkono wa shemeji ukazungusha kitufe. Redio ikashuka.

"Eh," binti yangu akasema, akicheka, "leo anakusikia."

"Leo ananisikia," nikamjibu.