Meno Kumi na Manane ya Ngatilah

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Ngatilah aliamka na tusi mdomoni kama siku zote. Wagiran, mumewe, alikuwa amechuchumaa uani, akifuta cheni ya baiskeli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

"Unaifuta au unaibembeleza ilale?"

"Naifuta."

"Basi ifute. Jua halijawahi kuningoja mimi, litakungoja wewe, Baba Rubinah?"

Wagiran aliendelea kufuta. Kwa miaka arobaini na mmoja alijua kwamba siku mkewe akiamka bila tusi, nyumbani mna ugonjwa. Alipaka cheni mafuta ya nazi, tone kwa tone, akapachika makapu mawili ya tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, huku na huku ya keria. Akayafunga kwa mpira wa tiubu kuukuu. Kamba hulegea njiani, mpira hubana. Hilo alifundishwa na mkewe, kama mengine mengi.

Ngatilah alipanda, akaenda. Wagiran akasimama langoni akisikiliza. Baiskeli aliijua, haikuwa na kasoro. Alikuwa akisikiliza kifua cha mkewe. Tangu mvua zilizopita kile kifua kilikuwa kikipiga filimbi, na miguu ilivimba hadi kandambili zikaacha alama. Rubinah, binti yao, aliyekuwa kazini kiwandani kwenye kisiwa cha mbali cha Batam, alikuwa hajaambiwa kitu.

Walikuwa wanawake tisa pamoja naye, wa vijiji vya kusini mwa Bantul, kisiwani Java. Kila siku baada ya swala ya alfajiri walipanga mstari barabarani, mboga, tempe na majani ya mgomba kwenye keria, wakaelekea sokoni mjini Yogya. Wa kwanza ndiye mwenye taa. Wengine humfuata nyuma yake, tairi kwa tairi, ili upepo umpige yeye.

Sokoni mikeka hutandikwa kwa jinsi mlivyofika. Wa kwanza hutandika langoni, na wapishi wa vibanda hununua hapo hapo bila kupiga hatua ya pili. Wa mwisho hutandika kwenye mfereji wa wauza samaki. Na mpangilio wote huo huamuliwa mahali pamoja tu, kwenye Mwinuko wa Mianzi, baada ya daraja la mto Opak. Anayetua mguu chini pale hupitwa. Aliyepitwa hangojwi.

Sheria hiyo Ngatilah hakuitunga. Ila kwa miaka kumi na tisa alikaa langoni, na kwa miaka hiyo yeye ndiye aliyekuwa askari wake.

Kulikuwa na sheria nyingine. Gia ya nyuma ya kila baiskeli iwe na meno kumi na manane. Gia kubwa zaidi hulainisha mlima, lakini waliiita gia ya wagonjwa, na mwenye kuifunga alirudishwa mkiani.

Hata hivyo, katika wale tisa hakuna asiyejifunza kwa Ngatilah. Ndiye aliyewaambia wasipake cheni mafuta yaliyokaangiwa, maana huvuta vumbi na panya. Ndiye aliyewaonyesha kugonga spoki kwa kucha, moja moja, ili iliyolegea ijitaje yenyewe. Alimwambia kila mgeni: "Kabla ya mlima usikaze. Vuta pumzi darajani, kaza kwenye mwanzi wa tatu. Ukikaza mapema utafia katikati na sisi hatuna nafasi ya maiti kwenye keria." Na pale barabara inaposhuka kuelekea darajani, yeye huyo huyo aliinua miguu yote miwili kutoka kwenye pedali, akaiachia baiskeli, shuka lake likapepea, na akacheka peke yake kama msichana. Hakuna aliyethubutu kumuuliza anacheka nini.

Saminten alikuwa shoga yake. Walizaliwa mwaka mmoja, waliolewa mwezi mmoja. Miaka mitatu nyuma, Saminten akiwa wa pili kwenye mstari, cheni yake ilichomoka katikati ya Mwinuko. Akatua mguu.

"Ningoje, Ngatilah! Ni cheni tu, si mimi!"

"Cheni ni ya nani, ya jirani?" Ngatilah alijibu bila kugeuka. Wote wakapita. Saminten akatandika mkeka mferejini, na mferejini akabaki.

Paijah ndiye aliyepanda nafasi ya pili. Umri wake miaka arobaini, mapaja kama vinu, ulimi kama mundu.

Na gia ya wagonjwa ilikuwa kwenye baiskeli ya Ngatilah mwenyewe; Wagiran ndiye aliyeifunga. Mkewe alimwambia miezi miwili kabla ya asubuhi ile, mchana, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini ambayo hakuwa ameisikia tangu walipomzika mtoto wao wa kwanza.

"Tafuta ya meno ishirini na mawili. Usinunue karibu."

Alikwenda hadi mji wa Wates. Akarefusha cheni kwa pingili mbili, akafunga gia, akarudisha kile kifuniko kirefu cha bati kinachoficha cheni yote kwenye baiskeli zile za zamani. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Ngatilah aliizungusha pedali kwa mkono, akaitazama, akatema mate pembeni.

"Sasa mimi ni mwizi," akasema, akaingia ndani kukoroga soya.

Kifuniko huficha cheni. Miguu hakifichi. Asubuhi ile ya mwisho ya kawaida Paijah alikuwa nyuma yake mlimani, akitazama visigino. Juu ya Mwinuko kuna kibanda cha Mama Pon, ambapo mstari husimama kwa glasi moja ya tangawizi ya moto na sukari ya mnazi. Ngatilah alikuwa na glasi mkononi Paijah aliposema:

"Bibi, leo miguu yako inasaga kahawa."

"Yako inasaga nini, mavi ya ng'ombe?"

"Mimi nikikanyaga mara moja, wewe unakanyaga mara moja na robo. Mwezi mzima nahesabu."

Paijah akachuchumaa, akafungua kibanio cha kifuniko. Akaweka kidole kwenye gia, akaanza kuhesabu kwa sauti, kwa wimbo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kumi na nane aliwatazama wenzake. Kisha wote wakaendelea naye: kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Ya ishirini na mbili waliipigia makofi. Mama Pon alicheka hadi akamwaga tangawizi.

"Mtoeni mgonjwa barabarani, ataambukiza!" mmoja akasema.

"Nyuma, bibi," Paijah akasema. "Sheria unaijua kuliko sisi."

Ngatilah alikunywa tangawizi yake ikaisha. Akafunga kibanio. Akaenda nyuma.

Mferejini, Saminten alimsogezea mkeka. "Karibu, shoga. Kaa upande huu. Huku maji ya samaki yanakufika miguuni tu. Kule yanafika kwenye tempe."

Ngatilah alirudi alasiri na makapu nusu. Wagiran alijua kabla hajaambiwa, maana alishuka kwenye baiskeli kimya. Alikaa kizingitini, akasimulia yote mara moja, kavu, kama anayesoma orodha ya sabuni. Kisha akasema:

"Rudisha ya kumi na nane."

"Spana haionekani."

"Umeikalia."

Wagiran alijiinua kidogo, akaitoa. "Mama Rubinah. Kaa mferejini. Tempe zinaliwa hata mferejini."

"Zinaliwa na paka."

"Basi acha kabisa. Tupo wawili. Mpunga upo."

"Nikiacha leo, nimeacha kwa sababu Paijah kahesabu." Alikuwa akisugua mguu, kidole kikazama kwenye nyama na shimo lisijae. "Kesho nikipanda kwa kumi na nane, wanarudisha mkeka wangu. Wamesema mbele ya Mama Pon. Nikishindwa, ni mferejini hadi nife."

"Na kifua?"

"Kifua si sehemu ya baiskeli. Funga gia."

Wagiran angeweza kuharibu uzi wa nati. Angeweza kusema ile gia ya zamani aliitupa. Alikuwa na saa nzima ya mwanga kufikiri uongo, na uongo wote ulimjia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mzuri. Lakini mwanamke yule alikuwa amekaa kizingitini na macho ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Wagiran akakata pingili mbili za cheni. Akafunga gia. Akaikaza mpaka spana ikalia.

Alfajiri alimfungia makapu. Akatoa na baiskeli yake mwenyewe, akasema atafuata nyuma, mbali, asionekane. Ngatilah alikataa. Akamwambia maneno mawili matatu, akaondoka.

Yaliyobaki Wagiran alisimuliwa na Saminten, siku ya tatu, wali wa khitma ukiwa bado kwenye jani la mgomba mbele yake.

"Wote tulikuwepo tukimtazama. Alianza wa mwisho, akatupita mmoja mmoja kabla ya daraja. Kwenye mteremko aliinua miguu, kama kawaida yake. Akakaza kwenye mwanzi wa tatu. Paijah alikuwa nyuma yake akimwambia, 'Nakuja, bibi, nakuja.' Akamjibu, 'Njoo na mamako akusukume.' Tulicheka, Kaka Wagiran. Hata mimi. Alipanda vizuri. Alipanda karibu mlima wote."

"Mpaka juu?"

"Ilibaki kama urefu wa mkeka. Baiskeli ikasimama tuli, ikalala upande wa kushoto. Miguu yake ilikuwa bado kwenye pedali. Hakutua."

"Paijah?"

"Alipita. Wote walipita."

"Na wewe?"

Saminten alikunja jani juu ya wali uliobaki. "Ningeweza kukuambia nilidhani anapumzika. Nisikudanganye. Nilimwona macho wazi, anavuta hewa haiji. Nilipiga kengele, nikapita."

Dereva wa lori la mchanga wa mtoni ndiye aliyemwokota na kumleta nyumbani, makapu juu ya mchanga, tempe zote nzima. Mkeka wa langoni siku hiyo alitandika Paijah. Yupo hapo hadi leo.

Ngatilah alizikwa siku ile ile, kabla ya alasiri. Wanawake wanane walifika moja kwa moja kutoka sokoni, jasho la njia bado mgongoni. Baiskeli zao waliziegemeza kwenye uzio wa mianzi kwa mpangilio ule ule wa mstari, ya Paijah mbele. Wakasimama pamoja kando ya kaburi, wakimtazama Wagiran usoni, wakingoja.

Wagiran alibeba jeneza upande wa mbele. Alishuka kaburini, akampokea mkewe, akamlaza, akafungua kamba za sanda. Akapanda juu, akajikung'uta udongo magotini. Macho makavu.

"Moyo wa jiwe," Paijah alinong'ona, si kwa chini sana. "Si ndiye aliyemfungia gia? Angalia, hata chozi."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Kijiji kizima kinasema hivyo hadi sasa, kwamba Wagiran alimuua mkewe kwa spana na hakumlilia. La kwanza hakulikanusha. La pili hana wa kumweleza.

Maana alfajiri ile ya mwisho, langoni pa nyumba yao, akiwa ameshakaa kwenye tandiko, mguu mmoja kwenye pedali, Ngatilah alimgeukia, akasema:

"Nikianguka, usije ukalia mbele ya wale wanawake. Wewe unalia kama mbuzi, utaniaibisha."